MAJI MAPYA NA SAMAKI DISKASI



Jioni ya leo tuna habari ya kifo cha samaki, nayo ni habari itokeayo mara nyingi hata imekuwa kama desturi. Mtu hununua tangi la kioo. Hulisugua, hulijaza maji ya bomba, hutandika changarawe chini, hupanda majani mawili matatu, na ifikapo jioni maji yang'aa hata mtu angeweza kusoma gazeti lililobandikwa upande wa pili. Asubuhi yake huenda kununua samaki sita wa thamani, huwatia ndani, na kuwaita jirani zake waje watazame. Siku ya tatu samaki wala vizuri. Siku ya sita wamegeuka weusi, wamejikusanya pembeni kana kwamba wamefiwa. Siku ya kumi mmoja aelea juu, ubavu wake ukitazama mbinguni. Basi mwenye tangi husema, "Nimeuziwa wagonjwa."

Pengine ni kweli, maana wachuuzi wasio waaminifu wako katika kila soko. Lakini mara nyingi zaidi samaki wale walikuwa wazima walipotoka dukani, na kilichowaua ni yale maji maangavu yaliyosifiwa na jirani. Neno hili ndilo tunalotaka kulieleza, na mfano wetu atakuwa samaki aitwaye diskasi, kwa kuwa huyu ni mwepesi kuliko wengi kuonyesha kasoro ya maji, na bei yake si ya mchezo.

Jina lake lina maana ya kile kisahani kirushwacho na wanariadha. Umbo lake ndivyo lilivyo: mviringo, bapa, kama sahani iliyosimamishwa kwa ukingo wake, na akikua ndani ya tangi hufikia urefu wa sentimeta 15 hivi au kuzidi kidogo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika mto Amazon na mito iingiayo humo. Mtaalamu wa Austria, Johann Jakob Heckel, ndiye aliyempa jina la kitaalamu, Symphysodon discus, mwaka 1840, akitumia samaki walioletwa na Mwaustria mwenzake, Johann Natterer, aliyekaa Brazili miaka mingi akikusanya wanyama. Tena diskasi si mgeni kabisa kwetu. Yeye ni wa ukoo mmoja na perege na sato wa maziwa yetu, ingawa bahari nzima imewatenga.

Mmoja wa mito hiyo ni Rio Negro, yaani Mto Mweusi. Maji yake yafanana na chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu ya majani na magogo yaozayo msituni. Nayo ni machachu, laini mno, hayana chumvi za madini ila kidogo sana, na yana joto mchana na usiku. Kila mwaka mito ya huko hufurika. Karibu na mji wa Manaus maji huweza kupanda kiasi cha mita kumi, yakaingia msituni hata samaki wakaogelea katikati ya miti. Diskasi hukaa kimya kati ya matawi yaliyozama. Katika mji wa Barcelos, ulio kandokando ya Rio Negro, wako wavuvi ambao riziki yao ni kuvua samaki wa mapambo, na watu wa mji huo hufanya sikukuu ya samaki hao, wakigawanyika makundi mawili ya ngoma yenye kushindana: moja lachukua jina la samaki mdogo mwekundu aitwaye kadinali, na moja jina la diskasi. Lakini wengi wauzwao leo madukani hawakuvuliwa mtoni. Wamezaliwa ndani ya matangi, Malaysia, Thailand, Ujerumani na kwingineko, nao wamekwisha kuzoea maji yasiyo machachu kama ya mto wa babu zao.

Sasa tazameni tofauti. Mtoni, uchafu wa samaki mmoja huchukuliwa na maji mengi yasiyo na hesabu. Ndani ya tangi samaki hula, huvuta pumzi na kujisaidia katika chumba kimoja. Chakula alacho, hasa nyama, mwili wake hukigeuza, na taka yake hutoka kama amonia, tena si kwa haja tu, bali zaidi kupitia mashavu, yaani yale matamvua mekundu ya kuvutia pumzi. Amonia haina rangi. Ikiwa ndani ya maji kwa kadiri ndogo hamwezi kuiona wala kuinusa, nayo huunguza yale matamvua yaliyoitoa. Ndiyo maana tulisema kwamba maji maangavu hudanganya. Kung'aa kwa maji ni habari ya vumbi na matope. Si habari ya sumu.

Mkulima ataelewa upesi kuliko mtu wa mjini. Yeye ajua kwamba samadi mbichi ikitiwa shimoni penye mche, mche huungua. Samadi ile ile ikikaa hata ikaoza sawasawa, mche hunenepa. Ni nini kilichobadilika humo ndani? Swali hili la shambani na lile la tangi la samaki ni swali moja, na walioligundua jibu wana habari ya kupendeza.

Mwaka 1850 mtaalamu wa kemia wa London, Robert Warington, aliwaeleza wenzake jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na majani ya majini, akaona majani yakioza na kuchafua maji, akatia konokono wayale yale yaliyooza. Na hapo maji yakatulia. Alifikiri kwamba mimea, samaki na konokono wamekwisha kusaidiana, na hesabu imetimia. Miaka michache baadaye, 1853, watu wa London walifunguliwa nyumba ya kutazama samaki katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, na kufuga samaki katika vioo kukawa jambo la kupendwa na wengi. Lakini hesabu ya Warington ilikuwa imepungukiwa na kiumbe mmoja, maana haonekani kwa macho. Warington alikufa mwaka 1867 bila kumjua.

Miaka kumi baadaye, 1877, Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walichukua bomba refu, wakalijaza mchanga na mawe ya chokaa, wakapitisha polepole maji machafu ya mifereji ya mji. Siku zikapita, amonia ikatoka chini kama ilivyoingia juu. Yapata siku ya ishirini mambo yakageuka: amonia ikaanza kutoweka, na mahali pake ikaonekana nitrati, ile chumvi ipendwayo na mimea. Wakatia mvuke wa klorofomu, ile dawa ambayo zamani waganga waliitumia kuwalaza wagonjwa kabla ya kuwapasua, na kazi ile ikasimama mara moja. Mchanga haulali usingizi, wala chokaa haifi. Basi wakajua ya kuwa mfanyakazi ni kitu chenye uhai. Wakatia maji yaliyosuuza udongo wa bustani, na kazi ikaanza tena.

Na aliyeendeleza jambo hili Uingereza, katika shamba la majaribio la Rothamsted, ni nani? Ni Robert Warington mwingine, mwana wa yule wa samaki wa dhahabu. Yeye alitambua kwamba kazi ile ina ngazi mbili: kwanza amonia hugeuzwa kuwa nitriti, halafu nitriti hugeuzwa kuwa nitrati. Alijaribu kuwatenga viumbe hao peke yao asiweze. Mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky, akiwa Zürich, aliweza. Hao ni bakteria. Mwaka 2015 wataalamu wakatangaza tena kwamba wako bakteria wafanyao ngazi zote mbili peke yao. Kwa hiyo mwana alikuwa akitafuta katika udongo wa shamba kile kilichokuwa ndani ya tangi la baba yake, kimeshikamana na changarawe na vioo, kikifanya kazi bila ujira.

Twarudi kwa diskasi wetu. Tangi jipya lina maji, kioo na changarawe. Bakteria hao hawamo, au wamo wachache mno. Nao si wepesi wa kuongezeka. Bakteria wengine wa kawaida, wakipata chakula na joto, huweza kuzidi maradufu kwa nusu saa. Hawa wa amonia huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Kwa sababu hiyo tangi jipya huchukua kama majuma manne hadi sita kabla halijakomaa. Katika juma la kwanza au la pili amonia hupanda. Kisha bakteria wa ngazi ya kwanza wakizidi, amonia hushuka na nitriti hupanda, nayo ni hatari vilevile: huingia katika damu ya samaki na kuigeuza rangi ya kahawia, hata haiwezi kuchukua pumzi. Utamwona samaki akipanda juu na kuhema ingawa pampu yavuma na hewa yabubujika. Mwenye tangi huongeza hewa. Haifai kitu sana, kwa kuwa pumzi imo ndani ya maji. Kikosekanacho ni mchukuzi.

Basi itupasaje kufanya? Tulikomaze tangi kabla ya kununua samaki hata mmoja. Weka chujio lenye sifongo na pampu yake, weka kipasha maji, acha vyote vifanye kazi kana kwamba samaki wamo. Maji ya bomba mara nyingi yana klorini, iliyotiwa ili kuua vijidudu, nayo haibagui vijidudu vyema na vibaya. Kwa hiyo kwanza iondolewe kwa ile dawa iuzwayo kwa kazi hiyo. Wengine huacha maji wazi usiku na mchana. Hiyo husaidia ikiwa ni klorini tupu, lakini katika miji mingine maji hutiwa kloramini, ambayo haiondoki upesi hivyo, basi dawa ndiyo salama. Halafu walishe bakteria: tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato, kadiri ya miligramu 2 kwa kila lita, au ukikosa, tia chakula cha samaki kidogo kidogo kioze humo. Uwe na vipimo vya matone, vile vya kutia maji katika kichupa na kuangalia rangi. Ukitia amonia kadiri ile jioni, na jioni ya pili ukapima usikute amonia wala nitriti, tangi limekomaa. Hapo badilisha sehemu kubwa ya maji ili kupunguza nitrati iliyolimbikizwa, kisha ndipo uende dukani.

Iko njia fupi ya halali. Mwenzako mwenye tangi la miaka, lenye samaki wazima, akikupa kipande cha sifongo chake kichafu kilicholowa, amekupa zawadi kuliko samaki. Kitie katika chujio lako siku hiyo hiyo kabla hakijakauka. Ila uwe na hakika kwamba samaki wake hawana ugonjwa, maana sifongo huchukua neema na msiba pamoja.

Hapa pana fumbo ambalo huwakwaza hata wafugaji wenye bidii. Mtu asoma kwamba diskasi hutoka katika maji machachu na laini, basi tangu siku ya kwanza ayafanya maji yake machachu na laini. Wale bakteria hawapendi uchachu. Kipimo cha uchachu kikiwa 7 maji ni ya kati. Kikishuka chini ya 6, kazi yao hulegea sana. Zaidi ya hayo, kazi yao yenyewe hula ile chokaa iliyoyeyuka majini, na maji laini hayana akiba, hata kipimo huweza kuanguka ghafula kwa usiku mmoja. Kwa upande mwingine, amonia ni kali zaidi maji yasipokuwa machachu. Kwa joto la nyuzi 28, kipimo kikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki moja kwa mia. Kikiwa 8, yakaribia saba kwa mia. Kiasi kile kile cha taka, lakini ukali wake umezidi mara tisa! Shauri letu ni hili: kwa samaki waliozaliwa matangini, anza na maji ya kati, yaani 7 au chini yake kidogo, yasiyobadilika-badilika. Utulivu wa maji wamfaa diskasi kuliko kumtafutia Rio Negro ndani ya chupa. Mwenye samaki waliovuliwa mtoni, au mwenye kutaka wazae, ana kazi nyingine ya baadaye.

Joto liwe nyuzi 28 hadi 30 za Sentigredi. Wapwani hudhani hawahitaji kipasha maji. Lakini wapime usiku wa Julai kabla ya kusema. Na huko milimani hapana budi kiwepo. Umeme ukikatika, funika tangi kwa mablanketi, usiwape samaki chakula, na ukiweza endesha pampu ndogo ya betri, kwa sababu bakteria wa sifongo nao wahitaji hewa. Wakikosa kwa saa nyingi hufa, na tangi lako hurudi kuwa jipya.

Diskasi hapendi upweke, tena wachache hugombana, na mdogo huteswa mpaka aache kula. Sita ni kundi jema. Kila mmoja akikua ataka kama lita 40, basi tangi liwe la lita 250 au 300, na meza iwe ya kubeba kilo 300 za maji mbali na kioo. (Tumeona matangi juu ya kabati za vitabu. Tulikaa mbali.) Kwa kuwa tangi limekomaa, watie wote sita siku moja kutoka mahali pamoja. Samaki yeyote atakayekuja baadaye akae peke yake katika tangi jingine majuma manne hadi sita, lenye ndoo na wavu wake, maana samaki mzima kwa macho huweza kuwa na minyoo midogo ya matamvua isiyoonekana.

Katika kulisha ndipo wengi huharibu. Diskasi mdogo ahitaji kula mara nyingi kwa siku, na watu humpa moyo wa ng'ombe uliosagwa, chakula kinoneshacho lakini kichafuacho maji kuliko vyote. Wape kiasi watakachomaliza kwa dakika chache, na mabaki yaondolewe kwa mpira wa kunyonyea saa hiyo hiyo. Badilisha robo ya maji au zaidi mara mbili kwa juma, kwa maji yaliyotiwa dawa na kupashwa joto sawa na yale ya tangini. Majuma ya kwanza pima kila siku. Ukiona amonia au nitriti, usikimbilie chupa ya dawa ya ugonjwa. Punguza chakula na ubadilishe nusu ya maji. Sifongo likijaa, likamue ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Ukilifua chini ya bomba mpaka liwe jeupe, umewaua wale ulionunua kwa majuma sita ya subira.

Lakini yako maradhi ya kweli pia, na ni vyema kuyatofautisha. Sumu ya maji huwapata samaki wote pamoja, kwa siku moja au mbili. Ugonjwa mara nyingi huanza kwa mmoja. Akijitenga, akawa mweusi, akatema chakula, na haja yake ikawa nyeupe, nyembamba kama uzi, yawezekana ana vijidudu vya matumbo. Akipumua kwa shavu moja na jingine limefungwa, dhani minyoo ya matamvua. Mhamishe huyo katika tangi la pembeni, ukamwulize bwana mifugo juu ya dawa na kipimo chake. Dawa isimwagwe katika tangi kubwa kwa kubahatisha, kwa sababu baadhi yake huwadhuru bakteria, na hapo samaki watano wazima huingia hatarini kwa ajili ya mmoja.

Diskasi wakitulia na kukua, pengine wawili watajitenga na kusafisha kwa vinywa vyao jiwe lililosimama au kuta za chujio. Hiyo ni dalili njema. Mayai huanguliwa kwa siku mbili tatu, na baada ya siku kama hizo watoto huanza kuogelea. Hapo hutokea jambo ambalo sisi walimu hatujachoka kulionyesha: watoto wote huenda kujibandika ubavuni mwa wazazi wao, wakila ute utokao katika ngozi. Mzazi mmoja akichoka, hujitikisa kwa ghafula na kumwachia mwenzake zamu. Wapata majuma mawili au matatu, na kisha wazazi huanza kuwakwepa. Wakati huo watoto huhitaji tangi lao wenyewe. Kwa hiyo, siku ile uonapo jozi ya kwanza ikisugua jiwe, tia sifongo la pili katika chujio la tangi kubwa, liache humo mwezi mzima, nalo litakuwa tayari utakapolihamisha pamoja nao.